Siku Bibi Aliposindikiza Simu

Kaa vizuri. Kunja miguu, usimkanyage mwenzako. Hii ni habari ya Namkunda, na bibi yake, na mtoto aliyekuwa hana jina.

Namkunda ana miaka sita. Anaishi juu kwenye milima ya Upare. Huko migomba ni mingi na njia zote zinapanda. Hata njia za kushuka zinapanda!

Anaishi na Mama, Baba na Bibi. Bibi ni mama yake Baba. Lakini siku ya habari hii Mama alikuwa sokoni, kwa hiyo hakuona kitu. Pole yake.

Bibi alikuwa na kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Kilikuwa kidogo, chekundu, kimefungwa mpira kiunoni kisifunguke. Namba tano ilikuwa imeng'oka, imebaki tundu. Bibi alikipenda sana, na alikilaza ndani ya soksi.

Siku moja kitochi kikalia. *Krii, krii!*

Alikuwa Baba Mdogo Mbonea, mdogo wake Baba. Alikuwa anapiga kutoka Mwanza. Mwanza ni mbali. Ukiondoka umeshiba, unafika umeona njaa mara tatu.

"Mama!" akasema Baba Mdogo. "Tumepata mtoto! Mtoto wa kiume!"

Bibi akapiga vigelegele. *Alulululuuu!* Kuku wote wakakimbilia uvunguni.

Namkunda akaruka juu. "Nina mdogo wangu! Anaitwa nani?"

"Bado hana jina," akasema Baba Mdogo. "Tunamsubiri Bibi."

Ndivyo ilivyo katika nyumba ile. Jina hutolewa na Bibi. Bibi humtazama mtoto usoni. Hutazama, hutazama, mpaka jina linakuja lenyewe. Kisha humnong'oneza mtoto sikioni, kabla mtu mwingine yeyote hajalisikia.

Baba Mdogo akamsogeza mtoto karibu na simu. "Ngaa! Ngaa!" akalia mtoto.

Bibi akakitazama kitochi. Akakigeuza juu chini. Akachungulia kwenye tundu la namba tano.

"Namsikia," akasema Bibi, "lakini simwoni. Siwezi kumpa jina mtu nisiyemwona uso."

Basi siku zikapita. Watu wakitaka kumtaja mtoto, wanasema hivi:

"Nanihii amenyonya?"

"Nanihii amelala?"

"Nanihii amepiga chafya?"

Namkunda hakupenda hata kidogo. Roho ilimuuma. Je, mdogo wake akizoea? Je, akiwa mzee mwenye ndevu, bado ataitwa Nanihii?

Kisha Baba Mdogo akapiga tena. *Krii, krii!*

"Kuna jambo," akasema. "Nesi anaandika kadi ya mtoto Alhamisi, saa kumi. Anasema hasubiri tena. Ataandika jina lolote atakalolisikia."

Baba akashika kichwa. "Lakini sisi sote tunasema Nanihii!"

Siku zinakwenda, ti, ti, ti. Na Nanihii bado hana jina.

Jumatano Baba akashuka mjini. Alhamisi asubuhi akampa Bibi boksi.

Ndani ya boksi mlikuwa na simu ya kupangusa. Ilikuwa nyeusi, bapa, inang'aa.

"Hii ina kioo, Mama," akasema Baba. "Utamwona mtoto uso wake."

Bibi akaigeuza. Akaigeuza tena. "Namba ziko wapi?"

"Ziko ndani, Mama."

"Amezimeza?"

"Hapana, Mama. Zinatoka zikihitajika."

Bibi akatikisa kichwa kwa huruma. "Maskini. Hana jino hata moja."

Baba akatoa laini kwenye kitochi, akaitia kwenye simu mpya. Bibi akakifunika kitochi vizuri ndani ya soksi yake. "Pumzika," akakiambia. "Umefanya kazi."

"Sasa, Mama," akasema Baba, "weka kidole hapa. Pangusa."

Bibi akapangusa. Kimya.

Akapangusa tena. Kimya.

Vidole vya Bibi vimeshika jembe miaka hamsini. Ni vigumu kama gome la mti. Simu haikujua hata kama imeguswa.

Bibi akajaribu dole gumba. Kimya. Akajaribu kiwiko. Kimya. Akavua kandambili, akajaribu kisigino.

"Mama, kisigino hapana!" akasema Baba.

Namkunda akafikiri. Akamtazama Bibi kuanzia juu hadi chini. "Bibi," akasema, "jaribu pua. Pua yako haijawahi kulima."

Bibi akaishika pua yake. Ilikuwa laini. "Kweli kabisa," akasema.

Pua chini, pua juu, *pwaa!*

Simu ikafunguka.

Ee, mngemwona Bibi! Pua chini, pua juu, *pwaa!* Akawasha tochi. Pua chini, pua juu, *pwaa!* Akapiga picha. Ilikuwa picha ya pua.

Pua chini, pua juu, *pwaa!* Ikafunguka ramani, na ndani ya simu mwanamke akasema, "Geuka kushoto."

Bibi akageuka kushoto. Bibi ana adabu, akiambiwa anasikia.

"Baada ya mita mia mbili, geuka kulia," akasema yule mwanamke. Ikabidi Baba amkimbilie Bibi, maana alikuwa ameshafika kwenye zizi.

Saa tisa alasiri, simu ikalia. *Tiririi-ti! Tiririi-ti!*

Pua chini, pua juu, *pwaa!*

Uso ukatokea kwenye kioo. Ulikuwa uso wa Baba Mdogo Mbonea, mzima mzima, na meno yake yote.

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba! Mwanangu! Karibu, karibu ndani!" Bibi akamfuta vumbi. Akamweka kwenye kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha kufuma.

"Mama," akasema Baba taratibu, "Mbonea yuko Mwanza."

"Najua yuko Mwanza. Unadhani sijui?" akasema Bibi. "Lakini uso wake uko hapa. Uso ukiingia nyumbani, ameingia mgeni. Na mgeni ni mgeni, hata akiwa kiganjani!"

Kisha akamgeukia Baba Mdogo. "Habari za njiani?"

"Sikupita njiani, Mama."

"Nimeuliza, habari za njiani?"

"Nzuri, Mama," akasema Baba Mdogo.

Namkunda akavuta kanga ya Bibi. "Bibi, muulizie mtoto! Mtazame mtoto!"

"Haraka haraka haina baraka," akasema Bibi. "Mgeni hajanawa."

Bibi akaleta birika la maji. Akaleta na beseni. Akainua birika juu ya simu. "Nawa, mwanangu."

*Chururuuu…*

Baba akaruka! Akavua kofia yake, akaikinga chini ya maji. *Chubwi!* Maji yote yakaingia kwenye kofia.

"Simu hainawi, Mama!"

"Ale bila kunawa? Ndivyo nilivyomlea?"

Baba Mdogo Mbonea anamjua mama yake. Huko huko Mwanza akaondoka. Wakasikia maji, *chururu*. Akarudi, akaonyesha mikono yote miwili, mbele na nyuma.

"Nimenawa, Mama."

"Sasa hivyo," akasema Bibi.

Akaleta makande kwenye bakuli. Akayaponda kidogo, kwa sababu simu haina meno. Akachota kijiko, akakipeleka kwenye kioo.

"Mama, sikuoni tena," akasema Baba Mdogo. "Nina harage jichoni."

Namkunda akalifuta harage. "Baba Mdogo," akauliza haraka, "mtoto yuko wapi?"

"Amelala, mwanangu. Saa kumi tutakuwa kliniki, atakuwa macho. Nitapiga, Bibi amwone, atoe jina. Haya, mimi naaga."

Kioo kikawa cheusi.

Baba akacheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Keshokutwa simu hii italima." Akatoka nje kuanika kofia.

Namkunda akabaki na bakuli la makande. Mgeni hakugusa hata punje. Ingekuwa vibaya kuyatupa. Kwa hiyo Namkunda akaketi chini, akala.

Na Bibi je? Sikiliza vizuri.

Mgeni ameaga. Mgeni akiaga, anasindikizwa.

Bibi akajifunga kanga. Akakata chane ya ndizi mbivu, maana mgeni haondoki mikono mitupu. Akaifunga simu pamoja na ndizi kwa kamba ya mgomba. Akaitoa nje, mikono miwili, kwa heshima.

Akapita kwenye migomba. Akavuka kijito. Akafika njia panda, penye jiwe kubwa. Hapo ndipo Bibi huwaacha wageni wake wote.

Akaiweka simu juu ya jiwe. "Kwa heri, mwanangu," akasema. "Wasalimie wote."

Kisha akarudi nyumbani anaimba.

Namkunda alikuwa amemaliza makande. Akatazama kiti cha wageni. Kulikuwa na kitambaa tu.

"Bibi, simu iko wapi?"

"Nimeisindikiza," akasema Bibi.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye jiwe."

"Halafu?"

"Halafu nini? Umewahi kuona mgeni anasindikizwa, halafu anarudishwa jikoni?"

Namkunda akaliangusha bakuli. "Bibi! Saa kumi Baba Mdogo anapiga! Bila simu hutamwona mtoto! Nesi ataandika Nanihii!"

Bibi akashika mashavu. "Mjukuu wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nimefanya nini?"

Dakika zinakwenda, ti, ti, ti. Na Nanihii bado hana jina.

Wakakimbia! Namkunda mbele, Baba katikati, Bibi nyuma, kanga mkononi. *Puku, puku, puku!* Wakapita kwenye migomba. Wakavuka kijito. Wakafika kwenye jiwe.

Hakuna simu. Hakuna ndizi. Hakuna hata ganda.

Machozi yakamjaa Namkunda. Akatazama huku, akatazama kule.

Mara, kwenye shamba la maharage, kitu kikalia. *Tiririi-ti! Tiririi-ti!*

Maharage yakatikisika. Kichwa kikatokea. Kilikuwa na pembe mbili, na ndevu, na ganda la ndizi mdomoni.

Alikuwa beberu wa jirani. Wanamwita Bwana Shamba, kwa sababu kila siku anakagua mashamba ya watu. Ndizi zote alikuwa amekula. Kamba ya mgomba ilikuwa imekwama kwenye pembe. Na simu ilikuwa inaning'inia mbele ya pua yake.

*Tiririi-ti!* ikalia simu.

Bwana Shamba akainusa.

"Usiiguse!" akapiga kelele Namkunda.

Lakini unajua, pua ya beberu nayo haijawahi kulima.

Pua chini, pua juu, *pwaa!*

Simu ikafunguka.

"Shikamoo, Mama!" ikasema sauti ya Baba Mdogo. Kisha akachungulia. "Mama, umeanza lini kuota ndevu?"

Sauti ya nesi ikasikika. "Haya, Bibi, kalamu iko tayari. Mtoto anaitwa nani?"

"Meee!" akasema Bwana Shamba.

"Mee," akasema nesi. "Jina fupi. Zuri. M…"

"Usiandike!" Namkunda akapiga kelele. "Huyo si Bibi! Huyo ni beberu!"

Akamkimbilia Bwana Shamba. Bwana Shamba akakimbia pia. Alikuwa amezoea, maana kila siku anafukuzwa.

Wakapita kwenye maharage, *kacha kacha!* Wakapita kwenye kijito, *chubwi chubwi!* Wakaizunguka migomba mara tatu.

"Mama, punguza mwendo!" akasema Baba Mdogo ndani ya simu. "Naona mawingu! Naona tope! Naona mawingu tena!"

Baba akarukia mkia. Mkia ukamteleza. Akaanguka puu, kwenye tope.

"Nimeshaandika M!" akasema nesi. "Nani anisaidie herufi inayofuata?"

"Meee!" akasema Bwana Shamba.

Namkunda akasimama. Alikuwa amechoka. Alikuwa na hofu. Lakini akamtazama Bwana Shamba, na Bwana Shamba akamtazama yeye.

Huyu beberu, akawaza Namkunda, anafukuzwa kila shamba. Hakuna aliyewahi kumkaribisha.

Basi Namkunda akafuta machozi. Akanyoosha mikono yote miwili, kama Bibi. "Karibu, Bwana Shamba," akasema taratibu. "Karibu ukae."

Bwana Shamba akasimama. Akageuza sikio moja.

"Habari za njiani?" akauliza Namkunda.

"Mee," akasema Bwana Shamba, polepole.

Na akakaa chini.

"Mgeni ni mgeni," akanong'ona Bibi, "hata akiwa na pembe."

Namkunda akasogea. Hatua moja. Hatua mbili. Akaifungua ile kamba. Akaitoa simu, akampa Bibi.

Bibi akaifuta mate kwa kanga yake. Akaitazama.

Na pale, kwenye kioo, alikuwepo mtoto. Alikuwa macho.

Bibi akamtazama. Mtoto naye akamtazama Bibi. Nesi akasubiri, na kalamu yake mkononi.

Bibi akatazama macho. Akatazama pua. Akatazama masikio. Sikio moja lilikuwa limesimama. La pili lilikuwa limelala.

Bibi akaanza kulia.

"Bibi, unaumwa?" akauliza Namkunda.

"Siumwi, mjukuu wangu. Nimefurahi," akasema Bibi. "Masikio haya nayajua. Ni ya babu yako, mume wangu. Alifariki kabla wewe hujazaliwa. Nilidhani sitayaona tena duniani."

Baba akatoka kwenye tope, akamshika Bibi bega. Naye macho yake yalikuwa na maji.

"Mbonea," akasema Bibi, "nipe sikio lake. Lile lililosimama."

Huko Mwanza, Baba Mdogo akaisogeza simu kwenye sikio la mtoto. Huku Upare, Bibi akaweka midomo kwenye kioo. Akanong'ona.

Namkunda hakusikia. Baba hakusikia. Aliyesikia ni mmoja tu, na alikuwa na siku tisa duniani.

Mtoto akafungua mdomo. Akapiga mwayo mkubwa, mrefu, wa mtu aliyepata alichokuwa anasubiri.

"Amelikubali," akasema Bibi. Akainua kichwa. "Sasa andika, nesi. Anaitwa Kajiru. Jina la babu yake."

Nesi akaifuta ile M. Akaandika K. Akaandika na herufi nyingine zote, moja moja, mpaka jina likatimia.

"Kajiru!" Namkunda akaita kwenye simu. "Kajiru, mimi ni dada yako! Mimi ni Namkunda!"

Kajiru akapiga chafya. *Chya!*

Jioni jua likashuka nyuma ya milima. Namkunda alioga, akala, akapanda kitandani, akajifunika shuka mpaka kidevuni.

Alikuwa na jina jipya mdomoni, na lilikuwa tamu. Akalisema mara moja. Akalisema tena, taratibu. Akageukia upande ambao Baba alisema ndiko Mwanza iliko, akalisema kwa upande ule.

"Kajiru. Kajiru. Kaji…"

Usingizi ukamkuta katikati ya jina.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayesinzia na alale nayo.